Safari Isiyo na Msimu

Katika wiki za mwisho za Oktoba 1856, watu wa kasri za Unguja walikuwa wakiitazama bahari. Sayyid Said bin Sultan alikuwa ametoka kisiwani mwaka 1854 kwenda kutengeneza mambo ya Oman, na sasa, mzee wa miaka 65 hivi, alikuwa njiani kurudi. Miongoni mwa watoto wake wengi waliomngojea alikuwamo binti wa miaka kumi na miwili, Salme, ambaye baadaye aliyaandika yaliyopita. Wasichokijua ni kwamba baba yao alikuwa amekwisha kufariki dunia tarehe 19 mwezi huo, ndani ya marikebu yake Victoria, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mwanawe Majid alitoka na chombo kwenda kumlaki, wakapishana gizani. Mwanawe mwengine, Barghash, aliyekuwamo safarini pamoja na mzee, akaiteremsha maiti usiku na kuizika Makusurani. Kulipopambazuka, wana waliojiandaa kumbusu baba yao mkono hawakuwa na baba, wala jeneza la kulisindikiza.

Kisa hiki aghalabu husimuliwa kama mwanzo wa ugomvi wa urithi baina ya ndugu, na kwa hakika ndivyo kilivyokuja kuwa. Lakini kabla ya kuwa habari ya kiti cha ufalme, kilikuwa habari ya wana na baba aliyekwisha kuzeeka, wakiwa wametengwa na maji. Na la kuangaliwa ni hili: hapana aliyewakataza wasionane. Kilichowatenga ni bahari na ajali. Hofu ya namna hiyo watu wa visiwa waliizoea tangu zama, na walikuwa na njia ya kuihesabu.

Njia yenyewe ni msimu. Kaskazi inapoanza kuvuma, mnamo Disemba, vyombo hushuka kutoka Arabuni, Bara Hindi na Banadir. Kusi inapoingia, mnamo Aprili, huanza kupanda kurudi. Na katikati ya kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka hata manahodha wakasema imefungwa. Mabaharia waliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, na hesabu hiyo haikuwa ya mabaharia peke yao. Mzazi wa Malindi au wa Mkoani ambaye mwanawe ameondoka na kusi alijua kwamba hatamwona kabla ya kaskazi ijayo. Na alijua pia kwamba kaskazi ijayo ipo. Mwana akikosa msimu mmoja, ni mwaka mzima wa subira. Akikosa miwili, majirani walianza kunong'ona. Akikosa mitatu, mama aliacha kuuliza habari zake bandarini, si kwa kuwa amesahau, bali kwa kuwaonea haya wanaojibu. Hata kukata tamaa, kwa hiyo, kulikuwa na mpango wake.

Isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za raha. Wapo wanaume waliooa bandari mbili, wakawasahau wazee wa bandari ya kwanza. Wapo waliozama. Na palikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu wengine kisiwani ambao hawakuwa na msimu kabisa: wale walioletwa kutoka bara wakiwa watumwa, ambao upepo uliowaleta haukuwa na upepo wa kuwarudisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897, lakini maandishi yaliyohifadhi majonzi yao kwa wazazi waliowaacha ni machache mno. Mojawapo ni habari za Swema, mtoto wa Kiyao, zilizoandikwa na mapadri wa Kifaransa hapa Unguja katika miaka ya 1860. Mama yake alikuwa na deni. Aliyemdai akamchukua mtoto, akamtia katika msafara wa watumwa. Mama akaomba afuatane nao, achukuzwe pembe ya ndovu kama mpagazi yeyote, ilimradi asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa afe. Katika kumbukumbu zote za pwani hii ni taabu kupata habari nyengine iliyo wazi kama hiyo ya mzazi kukataa umbali. Na jina la mama huyo halitajwi pale watu wanapozungumza juu ya uhamisho na huba ya kwao.

Linalotajwa ni jina la Salme. Alitoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akafiwa na mumewe mwaka 1870 huko Hamburg, na kitabu chake cha kumbukumbu kikatoka mwaka 1886. Maandishi ya siku hizi yamemfanya kama mama wa wote waliotengwa na kisiwa, na sifa hiyo anaistahiki kwa sehemu tu. Baba yake alikufa mwaka 1856; mama yake, Jilfidan, alichukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Alipopanda meli hakuacha mzazi nyuma. Alichokililia Ujerumani ni ndugu, nyumba, lugha na jua. Uchungu wa mtu ambaye mzazi wake yu hai, anazidi kuzeeka, anamwita, naye hawezi kwenda, ni wa namna nyengine. Wa Salme ungeweza kungoja miaka ishirini, na kweli ulingoja: alirudi kuutazama mji mwaka 1885. Ule mwengine haungoji.

Meli za moshi zilianza kuja kwa ratiba tangu mwaka 1872, na mwaka 1879 waya wa simu ya upepo, kama watu walivyokuja kuiita telegrafu, ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Habari ya kifo sasa iliweza kufika siku ile ile. Mtu hakuweza. Huo ndio ukawa mtindo wa karne na nusu iliyofuata: kila chombo kipya kiliharakisha habari kuliko kilivyomharakisha mwenye kuipokea.

Katika miaka ya 1950 waliosafiri hawakuwa tena mabaharia peke yao. Vijana wa Unguja na Pemba walikwenda Makerere, walikwenda Cairo, walikwenda Uingereza kusomea ualimu, sheria na utabibu. Wazee waliowasindikiza bandarini walihesabu kama walivyohesabu babu zao, ila badala ya pepo walihesabu miaka ya masomo: mitatu, minne, kisha mtoto anarudi, anaajiriwa, anaoa, anakaa chumba cha juu. Bado safari ilikuwa na mwisho unaojulikana.

Januari 12, 1964 hesabu hiyo ilivunjika. Mapinduzi yana wanahistoria wake na mabishano yake, na si hapa pa kuyamaliza. Wapo wazee waliofariki wakiyashukuru, kwa kuwa yaliwafungulia watoto wao mlango wa shule uliokuwa umewafungia wao. Lakini kwa habari ya mwana aliye mbali na mzazi, yalileta kitu ambacho visiwa havikuwa vimekijua: umbali usiokuwa na msimu. Maelfu waliondoka au waliondolewa, wengine kwa majahazi kwenda Oman, wengine kuvuka usiku kwenda Mombasa na Tanga. Katika utawala wa Sheikh Abeid Amani Karume kusafiri kulikuwa kwa ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi kupatikana. Aliyetoka bila ruhusa alikuwa ametoka. Mlango wa kurudia hakuuona. Na mwanafunzi aliyekuwa London au Cairo siku ile ya Januari alijikuta amegeuka mhamiaji akiwa amekaa pale pale kwenye kiti chake cha maktaba, hajapiga hatua moja.

Kilichobaki ni waraka. Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana, na kizazi hicho kiliishi kwa nusu hiyo. Barua za pwani zilikuwa na adabu zake tangu enzi za kuandikwa kwa herufi za Kiarabu: huanza kwa heshima ya jina la anayeandikiwa, zikafuata salamu, ikafuata habari ya uzima wa mwandishi na kuombeana afya, na ndipo, baada ya yote hayo, hujitokeza jambo. Baada ya 1964 adabu hizo zilipata kazi mpya. Watu waliandika wakichelea kwamba bahasha inaweza kufunguliwa na asiyehusika, na salamu ndefu zikawa pahala pa kujisitiri. Mtu akiandika kwamba jua la mwaka huu ni kali, msomaji alijiuliza ni jua gani. Aliyeandika kwamba fulani amesafiri, msomaji alitazama maneno mara ya pili apate kujua kama ni safari ya kurudi au si ya kurudi. Na barua ya mzazi haikukosa uongo mmoja wa huruma: kwamba yeye ni mzima. Macho yameingia mtoto wa jicho, goti halikunjuki, ngazi za nyumba ya ghorofa hazipandiki tena; lakini waraka unasema sisi wazima, hofu ni kwenu. Mtoto naye alijibu kwa uongo wake: kazi ni nzuri, baridi si nyingi. Hivyo pande mbili zikafichana, kila upande ukidhani unauhifadhi mwenziwe, mpaka ikafika wakati ambapo mwana hakumjua mzazi wake alivyo, alimjua alivyokuwa siku ya kuagana.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, ni mtu wa kizazi hicho. Aliondoka akiwa na umri wa miaka kumi na minane, akafika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na hakuweza kurudi kabla ya mwaka 1984. Mwaka huo haukuja kwa bahati. Karume alikuwa ameuawa Aprili 7, 1972. Mrithi wake, Aboud Jumbe, alilegeza mambo polepole, kisha akajiuzulu Januari 1984. Na Ali Hassan Mwinyi aliyeshika nafasi yake akafungua biashara na milango kwa kiasi ambacho kisiwa hakikuwa kimekiona kwa miaka ishirini. Meli na ndege zilianza kuwaleta watu waliokuwa wakihesabiwa kama wamekufa. Gurnah alikuwa mmoja wao. Alimkuta baba yake yu hai, akamwona, na muda si mrefu baadaye baba akafariki. Alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, katika maelezo ya maisha yake yaliyotolewa pamoja na tuzo hiyo habari hii ilipewa sentensi moja tu. Pengine ndiyo sentensi ambayo wasomaji wa visiwani waliisoma polepole kuliko nyengine zote, kwa sababu wengi wao waliijua tofauti ya kufika mwaka 1984 na kufika mwaka 1986.

Riwaya zake zinaijua pia. Katika Admiring Silence, iliyotoka mwaka 1996, mtu ambaye hatajwi jina anarudi Unguja baada ya miaka mingi ya Uingereza. Hakuwahi kuwaambia wa nyumbani kwamba ana mwanamke wa Kiingereza na binti mkubwa. Mama yake, kwa nia njema kabisa, amekwisha kumtafutia mchumba. Kuna kichekesho ndani yake, lakini kichekesho hicho kimejengwa juu ya barua zote zile zilizosema sisi wazima. Mama anamwozesha kijana aliyeondoka. Aliyeketi mbele yake ni mtu mwengine. Katika Gravel Heart ya mwaka 2017, kijana Salim yuko London na anamwandikia mama yake barua, nyengine anazipeleka na nyengine, zile zenye ukweli, anazibakisha katika daftari. Mama anafariki kabla hajarudi. Anaporudi ni baba ndiye anayekaa naye, siku baada ya siku, akimsimulia yale ambayo utotoni hakuambiwa. Mwandishi hakukifanya kurudi huko kuwa ushindi. Salim amefika, amekisikia alichotaka kukisikia, lakini wa kumsomea barua zilizomo daftarini hayupo.

Si wote waliokwenda Uingereza. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alichukua utawala wa Oman, akawaita Waomani waliotawanyika duniani warudi kuijenga nchi. Nchi ilikuwa na mafuta na ilikuwa na upungufu wa waliosoma; waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma. Wakaingia wizarani, mashuleni, mabenki na makampuni ya mafuta, na Kiswahili kikasikika katika ofisi za Maskati. Walipata huko nyumba, baridi ya viyoyozi na ukoo wa mbali ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona. Kilichobaki Unguja na Pemba ni wazee. Na hapa ndipo panapotatiza watu wasiovijua visiwa, kwa kuwa suluhisho linaonekana rahisi: si mzazi achukuliwe akaishi na mwanawe?

Wengi walichukuliwa. Wachache walikaa. Aliyempeleka mamake Maskati, seuze aliyempeleka London au Copenhagen, aliona mambo yakienda kwa utaratibu ule ule. Wiki za kwanza ni za furaha. Kisha mzee anauliza msikiti uko wapi, anaambiwa ni safari ya gari. Anauliza jirani ni nani, anaambiwa hajulikani. Asubuhi watoto wanakwenda kazini na wajukuu shuleni, naye anabaki na televisheni isemayo lugha asiyoielewa. Barza haipo. Hapana apitaye akapiga hodi, hapana muuza samaki wa kugombana naye bei, hapana maiti ya jirani ya kwenda kuizika wala harusi ya kualikwa. Mzee aliyekuwa mtu kwa sababu mtaa mzima unamwamkia, hapo amekuwa mtu wa kupewa dawa saa mbili. Ndipo anapoanza kuomba arudishwe, kwa upole kwanza, kisha kwa kukataa chakula. Wana wengi walilichukua ombi hilo kama ukaidi wa uzee. Halikuwa ukaidi. Mzee alikuwa akitaka afe pale ambapo waliomtangulia wamelala na ambapo watakaomzika wanalijua jina la mama yake.

Basi mzee alirudi, na swali likarudi kwa mwana: nani atakuwa naye? Jibu, mara nyingi kupita kiasi, lilikuwa ni dada. Katika kila nyumba iliyotoa watoto kwenda ng'ambo palikuwa na mmoja aliyebaki, aghalabu binti, mara nyengine binti aliyeachwa au asiyeolewa, ambaye alibaki kwa sababu ilipokuja zamu yake hapakuwa tena na wa kubaki. Yeye ndiye aliyempandisha mama ngazi, aliyemuogesha, aliyempeleka Mnazi Mmoja na kupanga foleni, aliyeamka usiku. Fedha zilitoka nje. Mikono ilikuwa yake. Na mgeni alipokuja kwa wiki tatu na masanduku yake, mama alimlilia huyo mgeni na kumkaribisha kama malaika, huku aliyebaki yumo jikoni akipika. Fasihi yetu imemwandika sana aliyeondoka. Ina deni kubwa kwa aliyebaki, ambaye hakuwa na umbali wa kuulilia wala kitabu cha kuuelezea, na ambaye neno lake la mara nyingi, pale ndugu zake walipomtaka shauri kwa simu, lilikuwa: "Nyinyi tumeni tu, mengine niachieni mimi." Asiyeijua lugha ya nyumba zetu angelidhani ni neno la ukarimu tu.

Serikali ya Zanzibar ilipoanzisha mwaka 2016 pensheni ya kila mwezi ya shilingi 20,000 kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, ilikuwa hatua ya heshima na ya mwanzo katika nchi za Afrika Mashariki kugharimiwa yote na serikali yenyewe. Iliwapa wazee kitu kisichotoka mkononi mwa mtoto, na hilo si dogo kwa mtu mwenye haya. Kumpandisha mzee ngazi ni jambo jengine.

Milango iliyofunguliwa mwaka 1984 haikufunguka sawa kwa wote, wala haikubaki wazi daima. Mauaji ya Januari 26 na 27, 2001 yaliwakimbiza Wapemba zaidi ya elfu mbili kwa mashua hadi Shimoni, upande wa Kenya. Waliokimbia wengi wao ni wanaume wenye nguvu za kukimbia, na walioachwa vijijini ni wake, watoto na wazee. Wengi walirejea baada ya muafaka wa Oktoba 10 mwaka huo. Wengine waliendelea mbele, hata Mogadishu. Na kwa walioko ng'ambo kwa amani, umbali ulichukua sura ya karatasi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haikumruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na hivyo mwana aliyechukua uraia wa Uingereza au wa Denmark ili apate kazi na makaazi ya kudumu, alipokwenda kumwangalia mama yake alipanga foleni ya wageni uwanja wa ndege, akalipia viza, na akagongewa muhuri wenye idadi ya siku. Ambaye hakuchukua uraia wa huko, naye alikuwa na taabu yake: akitoka, hakuwa na hakika ya kuruhusiwa kuingia tena. Mmoja alikuwa mgeni kwao, mwengine mfungwa ugenini.

Katika miaka hiyo vyombo vya habari vilizidi kuwa vyepesi. Palikuwa na kanda za kaseti zilizorikodiwa sebuleni, mzee akikohoa kwanza na kuuliza kama mashine imeanza, kisha akisema na mwanawe kama anayehutubia mkutano. Palikuwa na vibanda vya simu, na saa za kupiga zilizopangwa. Mwaka 1999 ikaja kampuni ya simu za mkononi ya visiwani, na muongo uliofuata ukaleta simu zenye picha, hata mwana wa Toronto akaweza kumwona mama yake akila uji Kikwajuni. Inapasa kukiri kwamba hii ilikuwa neema kubwa. Ilimaliza uongo wa barua, kwa sababu uso haufichiki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ilizidisha uchungu: wa zamani alipata habari za udhaifu wa mzazi wake zikiwa zimekwisha kupoa, ilhali wa sasa alimwona mzazi akitafuta ukuta wa kujishika, akanyoosha mkono, akagusa kioo.

Maana kinachotakiwa na mwana wa visiwani si habari. Ni radhi, na radhi kwa mafunzo ya nyumba zetu haipatikani kwa kupenda tu wala kwa kutuma. Hupatikana kwa kutumikia: kumchotea mzazi maji ya kutawadha, kumvisha viatu, kustahamili kuulizwa swali moja mara tano, kuwapo anapokasirika bila sababu. Mambo hayo ni madogo na hayawezi kuletwa kwa pamoja katika likizo ya wiki tatu. Ndiyo maana waliotajirika ugenini walizungumza juu ya kurudi kama watu wenye deni, na wengi wao walijenga nyumba Mbweni au Chukwani kabla ya kujenga popote pengine, zenye chumba cha chini kisicho na ngazi kwa ajili ya mama. Baadhi ya vyumba hivyo havikupata kulaliwa.

Kisha kuna siku yenyewe. Mila na sheria ya Kiislamu haziiachi maiti ilale: aliyekufa alfajiri huzikwa adhuhuri au alasiri, na aliyekufa usiku huzikwa asubuhi. Binti humuosha mama yake. Mwana huingia kaburini kumpokea baba yake, humlaza kwa ubavu wa kulia, humfungua vifundo vya sanda. Wengine humwaga gao tatu za mchanga, na talkini husomwa wakiwa wamechutama. Redio ya Zanzibar kwa miaka mingi ilitangaza vifo pamoja na pahala na saa ya maziko, na watu wa mitaa walizima kelele ili wasikie majina. Tangazo liliwataja watoto wa marehemu mmoja mmoja, pamoja na miji waliyoko, hata msikilizaji akajua kwa kuhesabu ni wangapi watakaokosekana. Ndege ya haraka kabisa kutoka Ulaya haiwahi maziko ya alasiri. Wapo waliopanda wakijua kwamba hawawahi, wakafika siku ya tatu ya matanga, wakaonyeshwa kaburi ambalo mchanga wake bado ni mbichi.

Wasioweza kupanda walikuwa na jambo moja lililobaki. Madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata Waislamu wengi wa visiwani, yanaruhusu kumsalia maiti aliye mji mwengine. Huitwa sala ya ghaibu. Katika misikiti ya Maskati, London na Copenhagen imesaliwa mara nyingi baada ya sala ya Ijumaa, pale kijana mmoja anapomnong'oneza imamu jina. Imamu hulitangaza jina hilo na kusema ni la mtu wa Unguja au Pemba. Watu ambao wengi wao hawamjui husimama safu. Sala ya maiti haina rukuu wala sujudu. Ni takbira nne, watu wamesimama, kisha salamu. Mbele ya imamu, pale ambapo jeneza lingewekwa, pana zulia tu.